Laptopu za mtumba Tabora: ukiambiwa "Core i7", uliza kwanza ni ya kizazi gani

Wadau, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Huko Ulaya na Marekani hiyo ilikuwa habari ya maofisini. Kwetu huku Ng'ambo ni habari ya sokoni, na nashangaa tunavyoikalia kimya. Mashine ambazo wenzetu wameona hazifai tena haziyeyuki hewani. Nyingi zinauzwa kwa mafungu, zinapita Dubai, zinashuka Kariakoo, halafu zinapanda basi kuja huku zikiwa zimefutwa vumbi na kung'arishwa kama mpya.

Nani anazinunua? Ni kijana anayetaka kuingia kwenye kazi ya picha. Anapiga harusi Cheyo na Isevya, anapiga mahafali, anampeleka mgeni Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, siku nyingine anadandia treni ya Mpanda au Kigoma na kamera begani. Anataka mashine ndogo ya kubeba safarini, ifungue picha, arekebishe mwanga na rangi, akate pembeni, atume kwa mteja. Basi. Hela yake ni ya kuunga unga, na akiuziwa kimeo hana ya pili. Kwa huyo kijana hii ni ishu ya uchumi kuliko bei ya kitu kingine chochote atakachonunua mwaka huu.

MSTARI ULIOCHORWA MBALI

Tuanze na chanzo. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na ilikuja na masharti. Inataka RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu (vizazi vya nyuma vilivyokubaliwa ni vichache mno). Mashine iliyo chini ya hapo, hata kama ni nzima, inafanya kazi na haina hata mkwaruzo, imeachwa nje. Mwaka 2023 kampuni ya uchambuzi ya Canalys ilikadiria kuwa kompyuta kama milioni 240 duniani zingeweza kugeuka taka kwa sababu ya mstari huo.

Sasa fikiria wewe ni meneja wa ofisi kubwa Ujerumani au Uingereza. Una mashine 2,000 ambazo baada ya Oktoba 2025 hazipati viraka vya bure vya usalama. Utafanya nini? Utaziuza kwa jumla upunguze hasara. Ndio maana mtumba umejaa ThinkPad, Latitude na EliteBook. Hizo ni laptopu za kiofisi. Na hapo kuna habari njema, tusikatae. Laptopu ya kiofisi imetengenezwa kuvumilia, fundi anaifungua kwa bisibisi ya kawaida, spea zake zinapatikana, kibodi yake inadumu. Kwa msafiri mwenye hela kidogo, mimi naona ni bora kuliko mpya ya bei rahisi ya plastiki yenye RAM GB 4 iliyogandishwa kwenye ubao.

Tatizo liko hapa: kwenye fungu moja zinachanganyika zilizo juu ya mstari na zilizo chini ya mstari, na kwa macho hutofautishi. ThinkPad T470 ya mwaka 2017 na T480 ya mwaka 2018 zinafanana kama mapacha. EliteBook 840 G4 na G5, bila kusoma maandishi huwezi kuapa. Muuzaji naye anataja kitu kimoja tu: "Hii i7 hii, mnyama!"

SOMA NAMBA, ACHANA NA STIKA

i7 ya lini? Hilo ndilo swali. Namba ya prosesa inaandikwa hivi: i7-7600U, i5-8250U, i5-10210U. Baada ya kistari, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. 7600 ni kizazi cha 7. 8250 ni kizazi cha 8. Zikiwa tarakimu tano, soma mbili za mwanzo, kwa hiyo 10210 ni kizazi cha 10.

Na hii si kujua namba kwa ajili ya kujionyesha. Ndani ya prosesa kuna viini, yaani sehemu zinazopiga hesabu. i7-7600U ina viini 2. i5-8250U, ambayo stika yake inaonekana ya hadhi ya chini, ina viini 4. Kwa sababu kuanzia kizazi cha 8, mwaka 2017, Intel waliongeza maradufu viini kwenye i5 na i7 nyingi za laptopu nyembamba. Kwa kazi ya picha, ambapo mashine inatoa picha 300 mfululizo wakati wewe unakunywa chai, tofauti hiyo unaiona kwa saa ya ukutani. Kwa hiyo kijana anayelipa zaidi apate i7 ya kizazi cha 4 au cha 7 badala ya i5 ya kizazi cha 8, analipia herufi na tarakimu moja kwenye stika. Anaibiwa kweupe, tena anashukuru.

Namba hiyo unaiona wapi? Ukiwa kwenye Windows, bonyeza kulia kitufe cha Anza, fungua sehemu ya mfumo, imeandikwa pale. Stika inaweza kubandikwa na mtu yeyote. Halafu chukua namba ya mashine iliyo chini ya laptopu, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, iandike. Kwa mashine nyingi za kiofisi itakuonyesha modeli na muda wa dhamana yake ya kiwandani, na mara nyingi hata vifaa ilivyotoka navyo. Ni dakika tano za kafe. Muuzaji akikataa usiandike namba hiyo, jibu umeshapata.

WINDOWS 11 YA KULAZIMISHA

Hapa ndipo wengi tunapoingizwa mjini. Kuna njia za kuruka masharti na kuweka Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 6 au hata cha 4. Inawaka, inapendeza, na dukani unaambiwa "ina Windows 11, huna wasiwasi". Lakini Microsoft wenyewe wamesema mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kupata masasisho, na masasisho makubwa ya kila mwaka mara nyingi hayaji yenyewe. Kwa hiyo kuona Windows 11 kwenye kioo hakuthibitishi chochote. Namba ya prosesa ndiyo inayothibitisha.

Je, ina maana mashine ya chini ya mstari ni takataka? Hapana! Na hapa natofautiana na wale wanaotuambia tukimbie. Windows 10 haikuzima siku ile. Inachokosa ni viraka vya usalama. Kuna mpango wa nyongeza wa watumiaji wa kawaida ambao ulipotangazwa uliwekewa mwisho tarehe 13 Oktoba 2026, lakini huwezi kununua mashine ya miaka minne kwa kutegemea kitu chenye tarehe ya kufa. Na sisi tunaishi kwa kuchomeka flashi za kila mtu. Mteja analeta flashi, kafe inaleta flashi, studio ya kusafisha picha inaleta flashi. Mashine isiyo na viraka kwenye mazingira hayo, yenye picha za harusi za watu na barua pepe yako iliyofungwa na akaunti ya benki, ni kulala mlango wazi.

Dawa ipo na ni bure. Linux Mint au Ubuntu. Programu za picha zipo pia bure: GIMP kwa kukata na kurekebisha, darktable na RawTherapee kwa picha ghafi za kamera. Ni halali, wala huhitaji toleo la wizi ambalo mara nyingi ndilo linaloleta virusi. Faili la Linux Mint ni kama GB 3. Lipakue kafe, litengeneze kwenye flashi, nenda nalo dukani. Linawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya muuzaji. Papo hapo unapima WiFi, sauti, kamera, kibodi, matundu yote ya flashi. Hakuna kipimo rahisi kama hicho.

Lakini sasa, wadau, ikiwa mashine inahitaji Linux ili iishi, bei yake lazima iseme hivyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 ni silaha ya mnunuzi. Mwambie muuzaji kwa heshima: "Kaka, hii ni kizazi cha 6, huko ilikotoka imetolewa kwa sababu hiyo, kwa nini unaniuzia bei ya kizazi cha 8?" Akijua unajua, bei inashuka. Asipojua mwenyewe, umemfundisha na yeye atamdai aliyemuuzia Kariakoo.

PICHA ZINATAKA NINI HASA

Kwa kazi ndogo ya picha, RAM GB 8 ndio chini kabisa, GB 16 ndio raha. Na hapa kuna jambo la dunia linalotugusa. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya kwa sababu vituo vikubwa vya akili bandia vilikuwa vinainunua kwa wingi kutoka viwandani. Zamani ushauri ulikuwa "nunua yenye GB 8, utaongeza baadaye kwa hela ndogo". Ushauri huo umechacha. Ukikuta mbili zinafanana, moja ina GB 16 tayari, piga hesabu upya kabla ya kukimbilia ya bei ndogo. Na angalia kama RAM inachomoka au imegandishwa ubaoni.

Diski iwe SSD, hili halina mjadala. Diski ya zamani ya kuzunguka haipendi mtikisiko wa basi. Ukubwa je? Chukua picha ghafi moja ni kama MB 30. Harusi ya picha 400 ni GB 12. Kwenye SSD ya GB 256, ukitoa mfumo na programu, harusi kumi na tano hivi imejaa. Kwa hiyo bajeti yako iwe na diski ya nje tangu mwanzo. Usimalize hela yote kwenye mashine, maana picha za mteja zikipotea hakuna wa kukuelewa.

Kioo ndicho watu hawaangalii kabisa, na kwa mpiga picha ndio roho ya kazi. Laptopu nyingi za ofisini zilitengenezwa kwa barua na mahesabu. Vioo vyake vina rangi iliyopauka. Ukirekebisha ngozi ya bibi harusi kwenye kioo kilichopauka utaongeza rangi mpaka ionekane sawa kwako, halafu kwenye karatasi anatoka mwekundu kama nyanya. Kipimo: fungua picha ileile kwenye laptopu na kwenye simu nzuri, uziweke pamoja. Halafu inamisha kioo mbele na nyuma. Rangi zikigeuka kama negativu, hicho ni kioo cha aina ya TN, kiache. Tafuta IPS yenye 1920 kwa 1080. Ya 1366 kwa 768 ni finyu kwa kazi hii.

Kuna mshkaji atasema, simu inatosha. Kwa picha tatu za mtandaoni inatosha kweli, sibishi. Lakini picha 400 za kuchambua, kupanga, kutoa kwa ukubwa wa kuchapisha na kuhifadhi nakala? Kwa simu utalia.

SAFARI NA BETRI

Msafiri wa Tabora hanunui mashine ya kukaa mezani. Njiani umeme haupo, na mjini nako unakatika. Usiulize muuzaji "inakaa na chaji masaa mangapi". Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport. Inatengeneza ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 30,000, imebaki asilimia 60. Ikiwa chini ya nusu, hesabu bei ya betri nyingine ndani ya bei ya mashine, kisha shuka.

Baadhi ya modeli zina faida ya ziada. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nje, unabadilisha ya nje bila kuzima mashine. Ina pia tundu la memori kadi ya kamera. Zinazochaji kwa USB-C nazo ni nafuu, chaja moja inahudumia vitu viwili begani.

KUFULI USILOLIONA

Hili naliomba mlisome mara mbili. Laptopu za makampuni zinafungwa kwa mbali. Kuna nywila ya BIOS. Kuna kufuli la kampuni lililosajiliwa kwa Microsoft, ambalo linajitokeza pale tu mashine inapowekwa upya ikiwa kwenye intaneti: inadai akaunti ya kazini ya kampuni usiyoijua. MacBook za kuanzia 2018 zenye kifaa cha T2, na zilizofuata za Apple zenyewe, zinaweza kufungwa na akaunti ya mwenye nazo wa kwanza. Mashine ya namna hiyo inauzwa inawaka vizuri. Siku unaiweka upya, imekuwa kigae. Kwa hiyo mwambie muuzaji aiweke upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, kabla hujatoa hata shilingi. Inachukua muda. Kaa, subiri.

BEI YA KILOMITA 800

Sasa swali la kwetu kabisa: uagize Kariakoo au ununue hapa? Kariakoo bei iko chini, kila mtu anajua. Lakini toka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Dhamana ya siku chache kwa mtu aliye Tabora ni maneno tu. Mzigo ukija siku mbili, ukagundua kasoro siku ya tatu, ukaurudisha siku mbili nyingine, dhamana imeisha na nauli imekula tofauti ya bei.

Babu zetu walilijua hili. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda Ujiji, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Kitambaa cha merikani kilipanda bei kila kilivyoingia bara, na kilipimwa kwa mkono, doti moja ni mikono 8. Ukipokea kitambaa mwisho wa njia huwezi kurudi pwani kulalamika kwamba kimepungua. Unapima pale pale, mzigo ukiwa bado mbele ya aliyeuleta.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: lipa kidogo zaidi kwa mtu wa hapa unayeweza kumfuata kesho yake, mradi akubali vipimo vyote na aandike risiti yenye namba ya mashine na siku za kurudisha. Hiyo nyongeza unanunua haki ya kurudisha. Asipokubali, basi hana anachokuzidishia, na bei yake iwe ya Kariakoo.

NA ZIKIFA?

Mwisho, jambo ambalo hatutaki kulisikia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa kumbukumbu rasmi ni asilimia 22.3 tu. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mabadiliko ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zisivushwe mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia. Tanzania nayo ina kanuni za taka hizi za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Lakini mlango uko wazi kwa sababu kifaa kinachofanya kazi kwa kawaida hakiitwi taka. Laptopu inayowaka bandarini ni bidhaa. Ikizima Ng'ambo baada ya miezi minne, taka ni yetu.

Mwaka 2009 Uganda walitangaza kwenye bajeti kupiga marufuku kuingiza kompyuta zilizotumika. Mimi siungi mkono njia hiyo kwetu. Ukifunga mtumba, mtoto wa mkubwa atanunua mpya, na wa Ng'ambo atabaki na simu. Ninachotaka ni kipimo: anayeingiza kwa jumla aonyeshe kizazi cha prosesa na hali ya betri ya kila mashine, kama anayeuza gari anavyoonyesha mwaka lilipotengenezwa. Na anayeingiza makontena awe na pa kupokea betri zilizokufa, zisiishie kwenye mashimo ya kuchomea taka nyuma ya nyumba zetu.

Mpaka hapo sheria itakapofika, mkaguzi ni wewe mwenye flashi mfukoni. Naomba kuwasilisha. Mliokwisha kununua, wekeni hapo chini modeli, bei na mji mlikonunua ili wengine wapate pa kuanzia kubishana na wauzaji. Ila tafadhali, mtu asiandike "i7" halafu basi. Andika namba yote.